Ustadi wa Kuandika "Hakimo"

Nyama ikiwa pande zima, mkaguzi mzoefu huisoma kwa jicho na kisu. Ikishasagwa, ya ng'ombe huyu imechanganyika na ya yule, na jicho halina pa kushika. Toxoplasma gondii, kimelea walichokitambua Charles Nicolle na Louis Manceaux mjini Tunis mwaka 1908, hata kwenye pande zima hakionekani: vifuko vyake msulini hufikia kama sehemu moja ya kumi ya milimita tu. Mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza, kinaweza kumdhuru mtoto ubongo na macho.

Kukinasa kikiwa tele si kazi kubwa. Kazi ni kuandika "hakimo" na kuaminika.

Ndiyo maana naistahi sana njia waliyoieleza watafiti wa Uholanzi mwaka 2010. Vipimo vingi vya vinasaba huanza na chembe ndogo ya nyama, ilhali vifuko hutawanyika ovyo. Ni rahisi kuchota pasipo na kitu. Wao walianza na gramu 100. Nyama husagwa ikalainika, ikayeyushwa kwa kimeng'enya hadi DNA itoke. Kisha hutiwa nyuzi fupi za DNA zinazoshikamana na kipande kimoja cha DNA ya kimelea, kinachojirudia mara 200 hadi 300 katika jenomu yake. Kila uzi umefungwa biotini, na chembe za sumaku huinasa biotini hiyo. DNA inayotafutwa hubaki. Damu na mafuta humwagwa.

Lakini biotini ni vitamini, na nyama ina ya kwake. Ikiachwa, ingejaza nafasi zote kwenye sumaku, na kimelea kingepita bila kushikwa. Kwa hiyo huondolewa kwanza. Mlaji hataijua hatua hii kamwe, ila bila hiyo "hakimo" ingeweza kuwa uongo.

Ndipo mashine ya PCR, inayonakili DNA, hupandisha na kushusha joto, kila mzunguko ukikaribia kuzidisha nakala mara mbili. Mabaki ya nyama yanaweza kuikwamisha, hivyo kila kichupa hutiwa pia DNA nyingine inayojulikana; hiyo isipojitokeza, jibu la "hakimo" halikubaliki. Kichupa kisicho na nyama nacho huenda sambamba: kikionyesha kimelea, uchafu ni wa maabara.

Kipimo hakielezi kama kimelea kilikuwa hai, na nyama ya kusaga bado ipikwe hadi nyuzijoto 71 za Selsiasi ndani. Lakini fundi wa namna hii, kabla ya kusema hakuona kitu, amekwisha kuhakikisha kwamba kingekuwamo, angekiona.