Pudini ya Maandazi Yaliyolala

Andazi lina maisha mafupi. Likitoka kwenye karai alfajiri limevimba, linang'aa, na ukilibonyeza kwa kidole linarudi palepale. Ikifika adhuhuri ngozi yake imeshalegea. Likilala, kesho yake ni gumu, na anayelinunua ni yule mwenye chai ya kulichovya. Katika mtaa wa Bwiza, ambako chai na maandazi huanza kuuzwa kabla jua halijatokeza juu ya milima ya mashariki ya Bujumbura, haiwezekani yote yakaisha kila siku. Jioni hubaki beseni lililofunikwa kitambaa. Wauzaji wengi hupunguza bei, wengine huwagawia watoto. Wachache huyapika upya yakawa pudini, na hao ndio ninaotaka kuwasifu, maana kazi yao ni ngumu kuliko wanavyodhani wanaoila.

Kuokoa mkate mkavu kwa maziwa, mara nyingi pamoja na mayai, ni ujuzi wa mataifa mengi. Wamisri wana Umm Ali. Pwani yetu ina pudini ya boflo yenye iliki na kungumanga. Wabelgiji, waliotawala Burundi hadi 1962, wana yao ya mkate, maziwa, mayai na zabibu, ambayo watu wa Brussels huiita bodding. Bwiza ni mtaa uliopangwa na hao Wabelgiji, enzi hizo ukijulikana kwa jina la Belge, ubavuni mwa Buyenzi ya Waswahili waliotoka Ujiji na Manyema. Kiswahili, Kirundi na Kifaransa hupishana kwenye uchochoro mmoja. Sishangai kwamba jikoni mwake vyakula vya pande zote hizo vimekutana.

Lakini andazi si mkate. Mkate mkavu ni mtiifu: haukutiwa sukari nyingi, hauna mafuta ya kutaja, ukiumiminia maziwa unayanywa yote bila ubishi. Andazi limekwisha kutiwa sukari wakati wa kukanda, kisha likapita kwenye mafuta yanayochemka, na ngozi yake yenye mafuta hukataa maziwa. Donati ya dukani yenye sukari juu ina shida hiyohiyo, tena zaidi. Mpishi anayefuata kipimo cha pudini ya mkate bila kukibadili hupata kitu kitamu kupita kiasi, chenye vipande vikavu katikati na mafuta yaliyoelea juu. Ustadi wote umo katika kulijua andazi lilikotoka.

Mama mmoja wa Bwiza, ambaye nimekaa sana kwenye kigoda jikoni kwake nikimtazama, huanza kwa pua. Huchukua andazi moja moja, hulipasua kidogo, hulinusa, kisha huliweka kulia au kushoto. Nilipomuuliza anatafuta nini, alinijibu bila kuinua macho: "Ndagala, mwanangu." Mafuta yaliyokaangia ndagala, wale dagaa wa ziwani, hata kama yalichujwa, huacha harufu yake ndani ya unga, na joto la maziwa huiamsha upya. Iliki haiwezi kuifunika. Vivyo hivyo mafuta yaliyorudiwa karaini mpaka yakawa meusi: yana uchungu unaobaki nyuma ya ulimi. Maandazi ya namna hiyo hayaingii kwenye sufuria yake, na yenye hata doa dogo la ukungu hutupwa mazima bila kukwanguliwa. Hapo ndipo pudini nyingi huharibika, kabla yai la kwanza halijavunjwa.

Baada ya kuchagua, hukata. Hakati vipande vya mraba. Hulilaza andazi, hulipasua kwa ubavu kama anayefungua kitabu, nyama ya ndani ikaonekana yote, ndipo huligawa vipande vya kiasi cha kutosha mdomoni. Sababu ni ile ngozi. Maziwa yakikuta ngozi huteleza. Yakikuta nyama huzama. Kwa hiyo anapopanga kwenye sufuria iliyopakwa siagi, ngozi hutazama chini na nyama hutazama juu, safu baada ya safu, mpaka safu ya mwisho. Hiyo huigeuza: ngozi juu, ili ipate rangi. Ni jambo dogo, na wengi hulikosa.

Kisha yuko tayari kusubiri, na hapa watu huteleza kwa haraka. Andazi lililokatwa huachwa wazi saa kadhaa likauke zaidi. Twadhani kuchacha kwa mkate ni kupoteza maji tu. Mwaka 1852 mkemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kwamba mkate uliofungiwa usipoteze maji nao huwa mgumu, na kwamba ukipashwa joto hulainika tena. Wanga uliolainishwa na moto hujipanga upya unapopoa, ukakaza. Ugumu huo ndio rafiki wa pudini: kipande kilichokaza hupokea maziwa na bado hushika umbo lake, ilhali andazi la leo, laini, huvurugika likawa uji. Ndiyo maana pudini nzuri haiwezi kutengenezwa kwa maandazi mapya. Yanapaswa kulala.

Vipimo vyake ni hivi, kwa anayetaka kujaribu. Maandazi sita ya wastani, yenye uzito wa gramu 300 hivi. Maziwa nusu lita. Mayai matatu. Chumvi kidogo, iliki iliyotwangwa papo hapo, kungumanga ikipatikana. Sukari ni vijiko viwili tu, na kama maandazi yalikuwa matamu, haitiwi kabisa. Ukipika kwa mkate ungehitaji sukari mara mbili au tatu ya hiyo. Miaka hii ya karibuni, ambapo sukari ya kiwanda cha SOSUMO kutoka Moso imekuwa ikiadimika Bujumbura na watu wakiitafuta duka hadi duka, si jambo la kupuuza kwamba utamu wa pudini hii ulishalipiwa juzi, wakati unga unakandwa. Maziwa nayo hayachezewi katika nchi ambayo watu husalimiana kwa kutakiana makundi ya ng'ombe. Badala ya zabibu hutia ndizi ndogo za kamaramasenge zilizoiva hadi maganda yameanza kupata madoa, zilizokatwa vipande vyembamba, katikati ya safu. Mimi naona ndizi hizo zinashinda zabibu, kwa sababu zina uchachu mwepesi unaokata mafuta.

Maziwa huyapasha moto mpaka kidole kinavumilia kwa shida, halafu huyamimina polepole juu ya mayai yaliyopigwa huku akikoroga. Maziwa baridi hayafai hapa. Mafuta mengi ya kukaangia mjini hutokana na mawese, na mafuta ya mawese huganda kwa urahisi. Maziwa ya baridi huyakuta yamekaza kwenye matundu ya andazi na kushindwa kupita. Yenye joto huyalegeza. Akishamimina hufunika, huacha kama nusu saa, kisha hubonyeza kwa mgongo wa kijiko. Povu dogo likipanda, bado kuna hewa ndani, na anasubiri tena. Lisipopanda, ameridhika.

Wapo wanaotumia poda ya kastadi mahali pa mayai. Alfred Bird wa Birmingham aliibuni mwaka 1837 kwa ajili ya mkewe, ambaye mayai yalikuwa yakimdhuru, na kwa mtu wa namna hiyo ni neema. Wanga wa mahindi uliomo husamehe moto mkali. Lakini anayeweza kula mayai atumie mayai. Ulaini wa yai lililoganda taratibu hauna mbadala.

Taratibu ndilo neno, na jiko la makaa halipendi kwenda taratibu. Mchanganyiko wa mayai na maziwa huanza kuganda kwenye nyuzi 80 hivi. Ukipita 85 hukatika, maji upande mmoja na chembechembe upande mwingine. Nafasi ya kucheza ni ndogo mno. Nyumba nyingi za Bwiza hazina oveni, na mwenye ya umeme hana hakika umeme utakuwepo. Mama huyu hutumia mbabura, yaani jiko la makaa, pamoja na sufuria mbili na kitambaa. Sufuria kubwa huwekwa maji na kipande cha gunia chini. Ndogo yenye pudini hukaa juu ya gunia, maji yakifika nusu ya ubavu wake. Bujumbura iko karibu mita 800 juu ya bahari, kwa hiyo maji yake huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, wala joto lake halipandi zaidi ya hapo. Hata hivyo yeye hayaachi yachemke. Anataka yatetemeke tu. Yakianza kutokota, huondoa kaa moja kwa koleo, au humwaga jivu kidogo juu ya makaa ili yapumzike. Kifuniko hukivika kitambaa, mvuke usije ukadondoka juu ya pudini na kuitoboa.

Nimemwona akikaa hivyo karibu saa nzima bila kuondoka, akisikiliza zaidi ya kutazama, kwa kuwa maji yanayotetemeka na maji yanayochemka hayana sauti moja. Mtoto akija kumuuliza kama imeiva, hujibu, "Bado, mama," na mtoto huenda zake. Baadaye huitikisa sufuria. Kingo zikitulia na kitovu kikitikisika kidogo, imeiva; kitovu kikiwa kimya, imepita. Ndipo huitoa kwenye maji, huinyunyizia kijiko cha sukari alichokuwa amekiweka akiba, huifunika kwa sinia la bati na kupalia makaa juu yake, kama wanavyofanya pwani kwa mkate wa sinia. Dakika chache tu. Ngozi za maandazi zilizoelekezwa juu hugeuka rangi ya kahawia iliyokoza na kuwa na mlio zinapokatwa.

Haikatwi ikiwa ya moto. Mayai huendelea kukaza inapopoa, na anayeikata mapema hupata kitu kinachomwagika sahanini. Ikishapoa hutoka vipande vyenye kingo safi, na ukitazama ubavu wa kipande unaona safu zote: nyama ya andazi iliyokuwa kavu ikiwa imejaa, mstari wa ndizi, mstari mwembamba wa mafuta uliomezwa na yai. Kwangu hii ni bora kuliko pudini ya mkate. Mkate hauna ladha ya kukaangwa, wala iliki iliyolala usiku kucha ndani ya unga.

Kuna wanunuzi wanaosikia kwamba imetoka kwenye maandazi ya jana wakaanza kuomba ipunguzwe bei, wakisema ni mabaki. Humo mna mayai, maziwa, makaa na saa nyingi za mtu anayejua anachokifanya. Ukiikuta Bwiza, lipa bei uliyotajiwa, na ukipika kwako, usinunue maandazi mapya kwa ajili yake.