Kodi Tatu, Dakika Mbili: Namna ya Kupima Wimbo wa Ramonescore

Msikilizaji mgeni hulalamika kwamba nyimbo za mtindo huu zote ni moja: gitaa linakwaruza, mbio tupu, kodi tatu (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), na kabla hujakaa vizuri wimbo umekwisha. Hajakosea sana. Lakini palipo na vitu vichache, kila kimoja huonekana. Mwanamuziki mwenye kodi kumi na solo ndefu anaweza kukupumbaza. Mwenye kodi tatu hana cha kukupumbazia isipokuwa tuni nzuri.

Asili ya mtindo huu ni kundi la Ramones, vijana wa Forest Hills, Queens, jijini New York, walioanza mwaka 1974. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka 1976, ina nyimbo 14 ndani ya dakika kama 29, na iligharimu takriban dola 6,400 kurekodi. Baadaye Screeching Weasel wa Chicago na The Queers wa New Hampshire waliishika njia hiyo kwa bidii ya mwanafunzi mbele ya mwalimu: mwanzoni mwa miaka ya 1990 kila kundi lilirekodi upya albamu nzima ya Ramones. Wakafuata Riverdales, Teenage Bottlerocket wa Wyoming, hata The Manges wa La Spezia, Italia. Mashabiki wakauita mtindo huo Ramonescore.

Sikiliza mkono wa kulia

Johnny Ramone, mpiga gitaa wa Ramones, alipiga nyuzi kwa kushuka tu: chini, chini, chini, bila kurudi juu. Anayepiga kwa kushuka na kupanda hutoa pigo zito kisha jepesi; anayeshuka tu hutoa mapigo yenye uzito mmoja, na hapo ndipo unapopatikana ule ukuta wa sauti. Wimbo wa "Blitzkrieg Bop" unakwenda takriban mapigo 175 kwa dakika, na katika kila pigo mkono unashuka mara mbili. Hiyo ni karibu mara sita kwa sekunde, kwa zaidi ya dakika mbili.

Ukitaka kuhakikisha, chukua albamu hiyo ya 1976 na uvae visikizio. Gitaa la besi limewekwa upande wa kushoto, gitaa la Johnny upande wa kulia. Vua cha kushoto. Utasikia mkono mmoja usiochoka.

Kwa hiyo swali la kwanza la mpimaji si "wana kasi gani?" bali "kiitikio cha mwisho kimeshikana kama cha kwanza?" Mwendo wa 160 ulioshikwa barabara unaushinda wa 200 unaoyumba. Kasi hununuliwa kwa mazoezi, nayo haimfanyi mtu kuwa mtunzi.

Vua gitaa, ubaki na tuni

Watu husahau kuwa Joey Ramone, mwimbaji wa Ramones, alipenda sana nyimbo za makundi ya wasichana ya miaka ya 1960, kama The Ronettes. Mwaka 1980 Ramones walirekodi albamu na Phil Spector, mtayarishaji wa nyimbo za Ronettes. The Queers nao walichota kwa Beach Boys, wakarekodi "Don't Back Down" na kuipa albamu yao ya 1996 jina hilohilo. Ndani ya kelele zote hizo mna nyimbo tamu za redio.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Imba wimbo polepole, ukipiga makofi, bila ala yoyote. Ukiwa bado unavutia, mtunzi amefanya kazi. Ukigeuka kuwa mlolongo wa maneno kwenye noti moja, basi gitaa lilikuwa likificha umaskini.

Maneno ya kijinga, kazi ya akili

Mada ni za mtaani na chumbani: mapenzi yaliyokataliwa, filamu za kutisha, uchovu wa kukaa bila la kufanya. Zikitazamwa juujuu ni upuuzi. Lakini angalia "I Don't Wanna Walk Around with You". Mistari iliyo tofauti haizidi miwili. Mwimbaji anakataa kutembea na mtu, anakataa tena, anakataa mara ya tatu. Mstari wa nne unageuka kuwa swali kwa huyo anayekataliwa. Kisa kizima kimo katika mgeuko huo. Mwigaji mbovu huandika upuuzi akaishia hapo. Fundi hukuandalia mgeuko.

Ndivyo ilivyo katika ala pia. Solo ya gitaa katika "I Wanna Be Sedated" ya 1978 ni noti moja tu inayorudiwarudiwa, kisha ufunguo wa wimbo unapanda. Badiliko moja, limewekwa mahali pake, linatosha.

Ukitaka kuutunga mwenyewe

Anza na kiitikio, tena kwa mdomo kabla hujashika gitaa. Mstari uwe na mizani sita hadi nane. Zaidi ya hapo mwimbaji atameza maneno. Tafuta kodi tatu za ufunguo wako: ya kwanza, ya nne na ya tano, kwa mfano A, D na E. Ukihitaji huzuni kidogo, ongeza ya sita. Piga kodi kamili, usiziache nusu.

Beti mbili zinatosha, na kiitikio kirudi mara tatu. Wimbo uishe kati ya dakika moja na nusu na mbili na robo, kwa pigo moja la pamoja, usififie. Waitikiaji wangoje kiitikio cha pili ndipo waingie, ili msikilizaji apate kitu kipya bila wimbo kurefuka. Kisha pitia kila kipande na ukiondoe kwa majaribio. Kisipokumbukwa, kitupe.

Jihadhari na makosa mawili: kuvaa koti la ngozi na kuhesabu moja-mbili-tatu-nne kana kwamba hiyo ndiyo sanaa, na kuongeza mbio pale tuni inapopwaya. Yote mawili anayaweza kila mtu. Wimbo wa Ramonescore uliofaulu ni ule ambao mtu aliyeusikia mara moja anaondoka akiimba kiitikio chake. Usioweza hilo ndani ya dakika mbili hautaweza hata ukipewa kumi.