Machozi ya Emma Thompson na Yale ya Kauntabuku Zangu

Riwaya yangu imo ndani ya kauntabuku tatu, na mpaka leo imesomwa na mtu mmoja tu, rafiki yangu niliyemaliza naye kidato cha nne. Alikaa nayo wiki mbili, akairudisha, akaniuliza: "Hivi hawa watu wako wote wana mafua? Mbona kila ukurasa wanafuta pua?" Nikacheka. Lakini usiku nikachukua kalamu nyekundu nikahesabu. Katika sura ya tatu peke yake watu wanalia mara kumi na moja. Mama analia, binti analia, mchumba analia, hata mlinzi wa getini analia, na marehemu wala hakumjua. Nilidhani nimeandika huzuni, kumbe nimeandika maji.

Katika kutafuta dawa ndipo nikaanza kumwangalia kwa makini mwigizaji mmoja wa Uingereza, Emma Thompson. Filamu zake huzikuti kirahisi kwenye vibanda vya video. Kule wanapenda zile ambazo jamaa anasimulia kwa Kiswahili juu ya picha, na kwa hizi za Emma jamaa huyo angekosa kazi: watu wamekaa, chai inamiminwa, hakuna anayempiga mtu. Mimi niliziazima kwenye flashi, nikaziangalia kwenye kompyuta ya kaka yangu, nyingine mara tatu.

Hoja yangu ni moja, na naitoa mapema ili anayetaka kubisha ajiandae. Nguvu ya mama huyu haiko katika kulia. Iko katika kazi anayoifanya ili asilie. Na sisi tunaojifunza kuandika tuna la kuiba hapo.

Kwanza tumjue. Alizaliwa London mwaka 1959 katika nyumba ya waigizaji: baba yake Eric Thompson, mama yake Phyllida Law. Alisoma fasihi ya Kiingereza Cambridge, na huko akajiunga na kikundi cha vichekesho cha wanafunzi, Footlights, pamoja na akina Stephen Fry na Hugh Laurie. Hilo la vichekesho lishike. Mchekeshaji yeyote anajua kwamba akicheka yeye kwanza, ukumbi haucheki. Nadhani somo hilo alilihamishia kwenye huzuni. Halafu kuna hili linalotugusa sisi wa kalamu: alipata Oscar ya uigizaji kwa Howards End (1992), kisha akapata Oscar ya uandishi kwa muswada wa Sense and Sensibility (1995). Kabla yake hakuna aliyekuwa amezipata zote mbili.

Tuanze na The Remains of the Day (1993), iliyotokana na riwaya ya Kazuo Ishiguro ya mwaka 1989. Emma ni Miss Kenton, msimamizi wa watumishi wa kike katika jumba la bwana mkubwa mmoja, miaka ya 1930. Anthony Hopkins ni Stevens, mtumishi mkuu, mtu aliyejifunga vifungo mpaka moyoni. Jioni moja Miss Kenton anamkuta Stevens peke yake akisoma kitabu. Anataka kujua ni kitabu gani. Stevens anakibana kifuani. Miss Kenton anamsogelea, anamfungua vidole kimoja kimoja mpaka anakipata. Kumbe ni hadithi ya mapenzi tu! Hakuna busu. Lakini mimi nilijikuta nimeshika pumzi, maana vidole vile vilisema yote ambayo wawili hao hawatayasema maisha yao yote.

Msidhani nausifu ukimya kama tabia njema. Filamu hiyohiyo inanikataza. Bwana wa jumba, anayejipendekeza kwa Wajerumani wa Hitler, anaagiza mabinti wawili wa Kiyahudi wafukuzwe kazi. Miss Kenton anaapa kwamba wakiondoka hao na yeye anaondoka. Wanaondoka. Yeye anabaki. Baadaye anakiri kwa kinywa chake kwamba ni mwoga, hana ndugu wala pa kwenda. Tazama uso wa Emma pale. Hajitetei wala hatuombi tumhurumie. Kwa hiyo kujizuia kuna aina zake: kuna kujizuia kwa heshima na kuna kujizuia kwa woga, na mwigizaji huyu anakuonyesha aina zote mbili ndani ya mwanamke mmoja. Mimi katika kauntabuku zangu sikuwa hata na aina moja.

Mfano wa kuvunja ukimya uko katika Howards End. Margaret Schlegel ameolewa na tajiri Henry Wilcox, ambaye ni Hopkins tena. Margaret ni mvumilivu, anameza mengi, hata ile habari kwamba mumewe aliwahi kuwa na hawara. Anamsamehe. Kisha mdogo wake Helen anarudi na mimba bila mume, anaomba kulala usiku mmoja tu katika nyumba ile, na Henry anakataa, ati jina la nyumba litachafuka. Hapo Margaret anafunguka. Anamwekea mumewe dhambi mbili mezani, yake na ya Helen, amwonyeshe tofauti. Maneno yale yanapiga kwa sababu tumekaa naye zaidi ya saa nzima akiyameza. Angekuwa mtu wa kugomba tangu mwanzo, tungesema: ndiyo zake.

Sasa tuje kwenye mlango. Katika riwaya ya Jane Austen, Sense and Sensibility (1811), Elinor Dashwood anampenda Edward, naye anaamini kwamba Edward ameshaoa mwanamke mwingine. Siri ya uchumba ule ameibeba miezi na miezi, hata mdogo wake Marianne akimwona hana moyo. Mwishowe Edward anatokea na kusema hakuoa. Austen anafanyaje? Anamtoa Elinor chumbani karibu mbio, mlango unafungwa, na ni nyuma ya mlango ndipo analia kwa furaha. Sisi wasomaji tunaelezwa kwa sentensi moja tu.

Emma alipoandika muswada, kazi iliyomchukua miaka kadhaa, aliufungua mlango ule. Elinor, anayeigizwa na Emma mwenyewe, analipuka palepale mbele ya Edward, na mama na wadogo zake ndio wanaotoka. Kilio chenyewe si kizuri. Kinatoka kwa mikupuo kama kikohozi, nusu kinachekesha. Wapo watakaosema ameisaliti riwaya. Mimi nasema ameielewa. Austen angeweza kuufunga mlango kwa sababu kurasa zote za nyuma ametuweka ndani ya kichwa cha Elinor, tunajua kilichomo. Kamera haiingii kichwani. Kamera ina uso tu, na uso ule ulifungwa filamu nzima. Ulikuwa unadaiwa mlango mmoja. Angalia hesabu yake lakini: filamu zaidi ya saa mbili, Elinor analipuka hivyo mara moja.

Haki inanitaka nitaje pia jukumu linalonipinga. In the Name of the Father (1993) inahusu watu waliofungwa kwa kusingiziwa mabomu ya Guildford ya mwaka 1974, wakaachiwa mwaka 1989. Emma ni wakili wao Gareth Peirce, na mahakamani anapaza sauti kwa hasira. Kwa utaratibu wa Uingereza, wakili wa aina yake huandaa kesi, na mwingine ndiye husimama kusema mbele ya majaji. Filamu ilimpa hotuba isiyokuwa yake. Aliteuliwa kugombea Oscar kwa jukumu hilo na kwa Miss Kenton mwaka uleule. Nikiziweka pamoja, hotuba ile ya mahakamani nilikwisha kuisahau siku ya pili, vidole vya Miss Kenton bado ninavyo. Hata hivyo nakubali: mtu aliyekaa jela miaka kumi na tano bila kosa anastahili mtu wa kumpigia kelele. Siyo kila huzuni ni ya kunong'ona.

Rafiki yangu nilipomweleza haya alibisha: "Huo ni ubaridi wa Waingereza. Sisi msibani tunalia kwa sauti." Nikamjibu mambo mawili. La kwanza, hebu tazama nani aliutengeneza huo Uingereza. Howards End na The Remains of the Day ziliongozwa na James Ivory, Mmarekani. Mtayarishaji ni Ismail Merchant, mtoto wa Bombay. Ruth Prawer Jhabvala, aliyeziandika kwa ajili ya filamu, alizaliwa Ujerumani katika familia ya Kiyahudi iliyokimbilia Uingereza mwaka 1939. Ishiguro alizaliwa Nagasaki. Sense and Sensibility iliongozwa na Ang Lee wa Taiwan. La pili, kila msiba niliohudhuria nimemwona yule mama mfiwa anayeuliza kama wageni waliotoka mbali wamepata chai. Mimi katika riwaya yangu nilimwandika akigaragara. Kwa nini sikuandika lile swali la chai?

Swali hilo ndilo Emma analijibu katika Love Actually (2003), filamu ambayo kwa jumla ni nyepesi, tamu kupita kiasi. Yeye ni Karen. Amekuta mkufu wa dhahabu mfukoni mwa koti la mumewe, amefurahi, amesubiri Krismasi. Anafungua zawadi yake, anakuta CD ya Joni Mitchell. Basi mkufu ni wa mwingine. Anaenda chumbani, anasimama, muziki unapiga, machozi yanamtoka na anayafuta haraka. Kisha ananyoosha shuka. Loo! Yale mashuka! Halafu anatoka na uso wa furaha, maana watoto wanasubiri kupelekwa shuleni kwenye igizo lao.

Na kama ugonjwa wako ni maneno makubwa, ambao nao ninao, tazama Wit (2001), aliyoiandaa kwa ajili ya filamu pamoja na mwongozaji Mike Nichols kutoka tamthilia ya Margaret Edson. Emma ni profesa wa mashairi ya John Donne, ana saratani, anatutazama usoni na kutueleza kila kitu kwa lugha kali ya kisomi. Mwishoni mwalimu wake wa zamani, bibi kizee, anamtembelea na kutaka kumsomea Donne. Profesa anakataa. Anasomewa kitabu cha watoto, na kinatosha.

Sura ya tatu nimeiandika upya. Vilio kumi na moja vimebaki kimoja, na nimempa binti, jikoni, akiwa anahesabu vikombe. Mlinzi wa getini sasa anafungua geti tu. Sina hakika kama nimechagua mtu sahihi wa kulia, na nakiri kuna usiku naisoma naiona imekauka kama kuni. Wewe mwenzangu mwenye kauntabuku yako, hesabu na wewe, halafu utuandikie tubishane humuhumu. Rafiki yangu anayo tangu Jumapili. Bado hajairudisha.