Sifa za Mpunguza Faharasa

Rekodi mpya ikiingia kwenye jedwali lisilo na faharasa, kazi ni ndogo: kanzidata hutafuta ukurasa wenye nafasi, ikaiandika humo, basi. Jedwali likiwa na faharasa sita, rekodi ileile huandikwa mahali saba. Anayetafuta huona tu kwamba jibu limekuja upesi. Gharama humwangukia anayeingiza.

Mti wa B, muundo wa faharasa nyingi, tuliachiwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight, waliouandikia ripoti wakiwa Boeing mwaka 1970, na hadi leo PostgreSQL na MySQL hutegemea uzao wake. Mti huo hupanga funguo zake, kwa hiyo kila ufunguo mpya una mahali pake mahususi. Funguo zikija kwa kufuatana, zote huelekea ukingo wa kulia, kwenye kurasa ambazo tayari zimo katika kumbukumbu. Zikija kwa nasibu, kama UUID (vitambulisho vya kipekee) za toleo la 4, kila mmoja hudai ukurasa wake wa mbali. Na faharasa ikishaizidi kumbukumbu, mara nyingi ukurasa huo husomwa kwanza kutoka diski. Ukiwa umejaa, hugawanywa. Ndiyo maana jedwali lililokuwa likimeza rekodi kwa kasi huja kulemewa likishanenepa, ingawa programu haikuguswa.

Hapo ndipo ninapomheshimu fundi wa kanzidata. Kuongeza faharasa ni amri moja tu, na shukrani huja siku hiyohiyo. Kuiondoa kunataka subira. Fundi hufungua pg_stat_user_indexes, takwimu za PostgreSQL za matumizi ya faharasa, akatazama ipi haijatumika, kisha akarudia kwenye kila seva ya nakala, maana kila moja ina hesabu zake. Hujiuliza kama hiyo inayoonekana ya bure haisubiri ripoti ya mwisho wa mwaka, au hailindi upekee wa namba za wateja. Akiletewa mamilioni ya rekodi za jedwali tupu, hupakia kwanza na kujenga faharasa baadaye: kupanga funguo zote kwa pamoja ni nafuu kuliko kuzichomeka moja moja.

Kuhusu funguo za nasibu, Mei 2024 ulitoka waraka wa viwango RFC 9562, na ndani yake UUID za toleo la 7, zinazotanguliza wakati na hivyo kuja karibu kwa mpangilio. Lakini ninayemsifu zaidi ni fundi aliyeuliza mapema, jedwali likiwa bado tupu, ufunguo wake utakuwa wa aina gani.