Miaka Elfu na Bahari Isiyokuwapo: Kukisoma Kitabu cha Ufunuo kwa Jicho la Mtu wa Ras Kamboni

Mwaka 1992, vita vilipokwisha kuenea pwani yote ya kusini mwa Somalia, jamaa zangu waliingia mashuani Ras Kamboni, wakaiacha nyumba na nyavu zilizokuwa zimeanikwa, wakashika njia ya Mombasa. Nilikuwa mtoto wa madarasa ya chini. Katika kambi ya wakimbizi tulikopokewa, alikuwa akitujia mwalimu mmoja wa kanisa aliyependa kuzungumza na wazee wetu barazani, na siku moja aliombwa asome katika kitabu chake habari za mwisho wa dunia, maana wazee walitaka kuzipima na zile walizozijua wao. Akasoma sura mbili za mwisho-mwisho za Ufunuo wa Yohana. Alipofika pale panaponenwa kwamba mbingu na nchi zitakuwa mpya na bahari haitakuwapo tena, mzee mmoja wa Kitikuu, aliyekwisha kuzeekea baharini, akamkatiza: “Mwalimu, na wavuvi je? Watavua wapi?” Yule mwalimu akafunga kitabu kwa kidole ndani yake, akafikiri. “Mzee wangu,” akasema, “hilo sijapata kuulizwa.”

Swali hilo limenikaa kichwani tangu siku ile, na ndilo linalonisukuma kuandika makala haya. Mimi si Mkristo, wala si kazi yangu kuwaamulia Wakristo jinsi ya kuyafahamu maandiko yao. Lakini Biblia ya Kiswahili ni kitabu kikubwa cha lugha yetu, husomwa na mamilioni ya wasemaji wake, na mwalimu wa Kiswahili anayekipita kama kwamba hakipo hajitendei haki yeye wala wanafunzi wake. Basi nitaihakiki sura ya ishirini ya Ufunuo, ile ya utawala wa miaka elfu, pamoja na mwanzo wa sura inayofuata, katika tafsiri ya Union iliyotoka nzima mwaka 1952 na ambayo hata leo ndiyo isomwayo zaidi makanisani.

Kwanza msomaji akumbuke jinsi maneno haya yalivyoingia kitabuni. Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji. Tangu siku hiyo ya kwanza, msamiati wa Wakristo juu ya Mungu, malaika, dhambi na hukumu ulitoka katika vinywa vya Waislamu wa pwani. Roehl, katika Biblia yake ya mwaka 1937, alijaribu kuyapunguza maneno ya asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Wale wa Union hawakumfuata sana, nami naona walifanya vyema. Ila yako matokeo yake. Neno lililokwisha kuwa na maana nzito upande mmoja haliingii upande wa pili likiwa tupu.

Tuchukue neno kiyama. Asili yake ni kusimama, au kuinuka. Lakini kwa mtu wa pwani kiyama ni Siku yenyewe, pamoja na vishindo vyake vyote, na siku hiyo ni moja tu. Katika Injili watafsiri wa Union walilitumia neno hili mara nyingine kwa maana ya kufufuka kwa wafu. Walipofika Ufunuo sura ya ishirini, ambapo panatajwa kufufuka kwa kwanza, kabla ya miaka elfu, wakaliweka kando, wakaandika ufufuo. Sijui kama walifanya hivyo kwa kukusudia, lakini uamuzi wenyewe ni wa busara kubwa. “Kiyama cha kwanza” kingemshangaza kila mtu wa Kismayu, Lamu au Unguja, maana kingemaanisha kwamba kuna kiyama cha pili. Ufufuo limejengwa kutokana na kitenzi chetu wenyewe, kufufua, ambacho ndani yake mna kufa kulikopinduliwa. Nalo linaweza kuhesabiwa bila ya kuvunja kitu.

Sivyo ilivyo kwa neno kuzimu, na hapa nina neno la kulalamika. Sura yaanza kwa malaika ashukaye na ufunguo na mnyororo, akamkamata yule joka, akamfunga na kumtupa mahali ambapo Union inapaita kuzimu, akae humo miaka elfu. Mistari michache mbele, wafu wanatolewa na bahari, na mauti, na kuzimu. Msomaji wa Kiswahili afahamu nini, ila kwamba Shetani alifungwa pamoja na babu zake waliokufa? Katika Kiyunani haya ni maneno mawili mbalimbali. Lile la pili ni makao ya wafu, na kuzimu, kwa kuwa ni mahali pa mizimu, lafaa hapo kabisa. Lile la kwanza ni shimo lisilo na mwisho, na ndilo neno ambalo wafasiri wa kale wa Kiyunani walilitumia katika mstari wa pili wa kitabu cha Mwanzo, giza lilipokuwa juu ya maji. Na Union, katika mstari huo wa Mwanzo, iliandika nini? Iliandika vilindi. Neno zuri mno, neno la mvuvi, linalojulikana na kila mtu aliyewahi kutupa nanga ikakosa kufika chini. Walikuwa nalo mkononi mwanzo wa kitabu, wakalisahau mwishoni.

Kosa hili, kama nitakavyoonyesha, si dogo. Lakini kabla ya kulirudia sina budi kusema juu ya kitenzi kutawala, ambacho kina historia kuliko maneno yote ya sura hii.

Union ina vitenzi viwili kwa jambo moja. Mahali pengine katika Ufunuo inasema Kristo, au watu wake, watamiliki. Katika sura ya ishirini inasema walitawala. Kiyunani ni kitenzi kimoja. Zamani, kumiliki kulikuwa ni kushika ufalme, na tenzi za kale zajaa matumizi hayo. Mwanafunzi wa leo, aliyezoea kumiliki shamba na kumiliki gari, husoma kama kwamba Kristo ataandikiwa hati ya dunia. Hilo ni jambo la kueleza darasani, halina madhara. Kutawala ndiko kulikoleta makubwa. Wakati wa ukoloni, neno utawala lilikuwa ndilo jina la serikali yenyewe: kodi, askari, kazi za lazima. Basi mtu aliyesikia kwamba waliokatwa vichwa kwa ajili ya ushuhuda wao watafufuka na kutawala, alisikia habari za ofisi ya bwana mkubwa.

Mwaka 1908, Elliot Kamwana alihubiri kandokando ya Ziwa Nyasa, akafundisha, kwa kufuata mafundisho ya jamii ya Watch Tower, kwamba mwaka 1914 utaleta mwisho wa mambo ya zamani. Watawala walimwondosha nchini. Mafundisho yale yalivuka mipaka, yakabadilika mikononi mwa watu, na katika Kongo yakapata jina la Kitawala. Wataalamu hueleza kwamba ni neno “tower” lililovikwa kiambishi ki- na irabu ya mwisho. Ni kweli, lakini sikio la Mswahili halikusikia mnara hapo, lilisikia kutawala. Mwaka 1944, katika nchi ya Masisi na Lubutu huko Kivu, Bushiri Lungundu aliwaongoza wafuasi wa Kitawala katika uasi uliozimwa kwa nguvu nyingi. Sisemi kwamba neno moja lilileta vita. Kodi na kazi za shokoa zilitosha. Nasema neno lilitoa mlango.

(Mwaka huohuo wa 1908, katika pwani iliyokuwa chini ya Wajerumani, ilizunguka Barua ya Makka, iliyowaonya Waislamu kwamba mwisho umekaribia, na maofisa wa Lindi wakaingiwa na hofu ya uasi. Dini mbili, mwaka mmoja, hofu moja ya serikali.)

Juu ya hesabu yenyewe ya miaka elfu, Wakristo wenyewe hawakubaliani, na mwalimu asiwasingizie umoja. Katika karne za mwanzo Justin na Irenaeus walitazamia utawala halisi hapa duniani. Augustino, Mwafrika wa Hippo, katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu, alisema elfu hapa ni mfano, na kwamba utawala huo umekwisha kuanza katika maisha ya kanisa. Wako tena wasemao kwamba Kristo atarudi baada ya miaka elfu ya wema, na wasemao kwamba atarudi kabla yake. Kwa sisi watu wa lugha, jambo la kutazama ni kwamba elfu katika Kiswahili ni idadi na pia ni wingi usiohesabika. Alfu Lela Ulela haikupewa jina hilo ili tuzihesabu hadithi. Biblia na Kurani zote mbili zinasema kwamba siku moja kwa Mungu ni kama miaka elfu ya hesabu yetu. Wazee wetu wa Kitikuu nao walijua kwamba Nabii Isa atashuka, atamwua Dajali na kuhukumu kwa haki, ila katika mapokeo yao muda ni miaka arobaini, kisha atakufa kama wanadamu wote. Waliposikia Gogu na Magogu walitikisa vichwa: Yajuju na Majuju. Walipouliza habari za Dajali walionyeshwa mpinga Kristo, jina ambalo, ajabu, halimo katika Ufunuo hata mara moja, bali katika nyaraka za Yohana tu. Mwanafunzi akiandika katika insha kwamba Ufunuo unamtaja mpinga Kristo, mwalimu amsahihishe.

Liko jambo jingine la sarufi ambalo naliona zito kuliko yote. Sura hii ya ishirini inasimuliwa kwa -ka-: nikaona, akamfunga, wakawa hai. Ni masimulizi ya mtu aliyeona, yaliyotiwa katika wakati uliopita, ijapokuwa mambo yenyewe yasemwa kuwa hayajaja. Katikati inageuka ghafula kuwa -ta-, kisha inarudi -ka-. Jambo lisilokuwamo kabisa ni amri kwa msomaji. Hakuna fanyeni, hakuna kimbieni, hakuna fungeni. Katika sura nzima msomaji hakuagizwa kitu.

Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, ilianza kufukuliwa miili ya watu waliofuata mahubiri ya kwamba wafunge kula hadi wafe ili wakutane na Yesu kabla dunia haijaisha. Ilipatikana zaidi ya 400, na wengi walikuwa watoto. Kabla ya hapo wazazi walikuwa wameshawishiwa kuwaondoa watoto shuleni. Mahubiri yale yalikuwa kwa Kiswahili, Kiswahili fasaha tunachokifundisha. Siwezi kudai kwamba somo la njeo za vitenzi lingemwokoa mtu. Njaa ya roho ina nguvu kuliko sarufi. Lakini walimu wa pwani tunapowafundisha vijana ufahamu, tunawapa vifungu vya habari za kilimo na za chanjo, na kifungu kinachosomwa nyumbani mwao kila jioni tunakiogopa. Mtoto anayeweza kuuliza “amri hii iko wapi katika maneno haya?” ana silaha ndogo.

Narudi kwenye kilindi. Katika Ufunuo bahari si bahari tu. Mnyama wa sura ya kumi na tatu anatoka baharini. Katika sura ya kumi na moja yule mnyama anatoka katika lile shimo ambalo Union imeliita kuzimu. Joka anafungwa humohumo miaka elfu. Kwa mwandishi wa kale, shimo na vilindi ni jamaa. Ndiyo sababu bahari haipo katika nchi mpya: makao ya uovu yameondolewa. Lau sura ya ishirini ingesema kwamba joka alitupwa kilindini, mzee wetu angepata nusu ya jawabu papo hapo, kwa maneno ya kazi yake mwenyewe. Kwa kuwa iliandikwa kuzimu, uzi umekatika, na bahari ikaonekana imefutwa bila ya kosa.

Tena tusisahau kwamba aliyeandika alikuwa kisiwani Patmo, naye asema alikuwa huko kwa ajili ya imani yake. Bahari ilikuwa ukuta kati yake na watu wake. Hata sura ya kumi na nane, Babeli ikianguka, wanaosimama mbali na kulia ni manahodha na mabaharia, kwa kuwa bahari ilikuwa njia ya utajiri wa Warumi.

Haya yote niliyapata baadaye, chuoni na kwa kusoma. Nilipomwendea yule mzee kumweleza, alikuwa amekwisha kuwa kipofu. Ras Kamboni hakuwahi kurudi. Januari 2007 vita vilifika mpaka pale penyewe, na watoto wake walimkataza kuitaja safari. Nikamweleza habari za joka na kilindi, na habari za mtu aliyetengwa kisiwani. Alisikiliza hadi mwisho.

“Huyo wa kisiwani,” akasema, “bahari ilimtenga na watu wake?”

Nikasema, “Ndiyo, baba.”

“Basi namfahamu. Lakini yeye hakuwa mvuvi.”

Na kweli, Wakristo wengi hufundisha kwamba huyo Yohana ni yule mwana wa Zebedayo, aliyeitwa naye akitengeneza nyavu. Wataalamu wengi wa leo husema ni Yohana mwingine. Sikumwambia hilo mzee.