Uzito wa rangi kwenye tingatinga

Mnunuzi wa picha ya tingatinga aghalabu huhesabu rangi: chui wa njano, ndege wa buluu, mti mwekundu, basi kapata mali. Hesabu hiyo haimpimi mchoraji. Rangi ya mafuta hutoka dukani imeshatengenezwa, na mwenye fedha atanunua makopo kumi akitaka. Kipimo ni kile ambacho fundi ameifanyia rangi moja kwa kuitia nyeupe kidogo au giza kidogo; huo ndio uzito wake.

Buluu ikitiwa nyeupe hupauka ikawa samawati. Ikitiwa nyeusi hukolea. Ikitiwa kijivu haing'ai wala haikolei, hufifia tu kama kanga iliyofuliwa mwaka mzima. Muda wote huo ni buluu ileile, haijawa kijani. Wapo wanaodai Kiswahili hakiwezi kusema haya kwa kuwa vivumishi vyake halisi vya rangi ni vitatu, -eupe, -eusi na -ekundu, na kwingine tunaazima majina ya vitu: majani, jivu, kahawa, zambarau. Wamehesabu majina wakasahau vitenzi na viigizi. Tunaposema nyeupe pe, nyeusi tii, nyekundu pyu, kijineno cha mwisho kinaeleza kwamba rangi haina mchanganyiko. Na damu ya mzee ni nini kama si nyekundu iliyotiwa giza? Wauza vitambaa hawakuhitaji chuo cha sanaa kuijua.

Kwenye picha, anzia nyuma ya mnyama, pale machweo yanapotoka njano kwenda chungwa hadi nyekundu. Usipoweza kuweka kidole mahali njano inapokomea, fundi aliwahi kuzilainisha rangi hizo kabla hazijakauka. Kisha tazama kivuli cha tumbo la chui. Njano ikichanganywa na nyeusi hugeuka kijani cha matope, na hapo ndipo mchoraji wa haraka hujiumbua: chui wake anaonekana ameota ukungu. Fundi hulitia giza tumbo hilo kwa kahawia au wekundu, likakolea bila kuacha kuwa njano.

Lakini Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki 1972, mara nyingi alimweka mnyama wake mbele ya rangi moja tupu. Je, kipimo hiki hakimwangushi? Hapana, kwa sababu rangi hupata uzito kwa jirani yake pia. Mkemia Mfaransa Chevreul, katika kitabu chake cha 1839, alieleza malalamiko ya kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins jijini Paris kwamba nyeusi yao ni hafifu. Dawa ya kutia rangi ilikuwa salama, kumbe nyuzi zilizopakana nayo ndizo zilizoidhoofisha. Picha yenye makopo machache hudai uangalifu zaidi katika kupanga, wala si pungufu.

Kwa hiyo usiikague chini ya taa ya duka, maana mng'ao wa rangi ya mafuta huficha mengi. Itoe nje, kivulini, uiinamishe kidogo, halafu ipige picha kwa simu na uiondolee rangi. Chui akipotelea kwenye machweo, ujue njano yake na chungwa la nyuma vina uzito mmoja, na kilichokuwa kikimbeba ni mstari mweusi tu.