Kahawa Chungu, Kabati la Kioo

Neno mkahawa limezaliwa na kahawa, lakini Mji Mkongwe una mkahawa wake usio na mlango wala meza. Baraza ya saruji, dele juu ya jiko la mkaa, ndoo ya kusuuzia vikombe, sinia ya kashata, basi. Maarufu kuliko zote ni Jaws Corner, pale Sokomuhogo vichochoro vinapokutana, wanaume wanaposhinda wakibishana siasa na mpira. Jina limetokana na filamu ya papa ya mwaka 1975. Papa mwenyewe kachorwa ukutani, meno nje.

Kahawa ya barazani haitiwi sukari. Ni nyeusi, chungu, mara nyingine ina tangawizi inayokwaruza koo. Sukari yake ni kashata: unamega ya karanga au ya nazi, unaitafuna, kisha unapiga funda, na utamu na uchungu vinakutana mdomoni badala ya kukutana kikombeni. Kikombe hakina mkono, kwa hiyo unakishika kwa ncha za vidole na kunywa taratibu, utake usitake. Sijaonja kahawa iliyofikiriwa vizuri zaidi ya hiyo.

Tabu ni kwamba sikai pale. Hapana sheria inayonikataza. Nikienda nitasalimiwa, nitaitwa dada, nitamiminiwa, na mazungumzo yatakatika mpaka nimalize na kuondoka. Utotoni nikitumwa kashata. Nikubwa sasa, na bado ni mtu wa kununua na kwenda zake.

Ndiyo maana huenda kwenye mkahawa mpya wa mtaani kwetu, wenye mashine ya kahawa, feni na kabati la kioo. Niseme ukweli: kahawa yao imeungua, na maziwa yamewekwa kuificha. Keki ya karoti ni tamu mpaka meno yanauma. Keki ya chokoleti ni kavu. Menyu yote ni ya Kiingereza, na bei ya kikombe kimoja ingeninywesha barazani siku nyingi. Lakini juzi wanawake wawili wenye mabuibui walikaa meza ya jirani saa mbili nzima wakizungumza habari ya kiwanja cha urithi, kwa sauti ya kawaida, na hapana aliyewageukia. Kwa hilo nawasamehe kahawa yao. Keki siwasamehe.

Kwani halua iko wapi? Wanga, sukari, samli na iliki, vinasongwa bila kupumzika mpaka vinavutika na kung'aa. Haijapata kuwa na mwenzi isipokuwa kahawa chungu. Na mkate wa kumimina je? Mchele uliorowekwa, ukasagwa na tui, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke, kisha ukamiminwa na kupalizwa moto juu na chini. Ukikatwa, ndani una vitundu kama sega la nyuki. Ukiwekwa karibu na ile keki ya karoti, keki itaona haya.

Mkate huo mitaani kwetu unapikwa na wanawake, majumbani, kwa oda, na Ramadhani ndiyo hawapumui. Barazani hawakai. Kabatini mkate wao haumo. Mkahawa uliotupa sisi viti umewaacha nje wale wenye mikono.

Nilimuuliza msichana wa kaunta kwa nini.

"Wageni hawaujui, dada."

"Na sisi tunaokuja kila alasiri, wageni?"

Akacheka, akatazama mlangoni kama tajiri yupo karibu. Kisha akaniinamia. Mama yake, akasema, anaupika. Kama nataka nzima, niseme leo, kesho ataniletea kwenye mkoba, lakini nisiufungue humu ndani.

Nikaagiza miwili.